Shukrani za Rejareja

Mpiga kinanda alikuwa na desturi moja ambayo waliomwalika waliiona kama wazimu mdogo usiomdhuru mtu. Kabla hajabonyeza chochote, iwe arusini au mazishini, alivuta maikrofoni karibu na mdomo akashukuru. Hakushukuru kwa uhai, wala afya, wala kufika salama. Hayo, alisema, watu huyatamka wakati moyo bado uko nyumbani unavaa viatu. Yeye alishukuru kwa soketi inayoshika. Alishukuru kwa kiti ambacho miguu yake minne imekubaliana. Siku moja Ogembo, katika arusi ya mwalimu mmoja wa sekondari, mbele ya mahema manne yaliyojaa watu, alimshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa wa boma lile, ambaye alimnusa langoni akaamua kwamba si mwizi. Watu walicheka. Alingoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja mvua ipungue, kisha akaanza kupiga.

Niliimba naye miaka kumi na mmoja, na sikumbuki akirudia shukrani moja mara mbili. Nilipomuuliza mbona hachoki kutafuta, aliniambia Mungu hana duka la jumla. "Shukrani ya jumla haina mwenyewe," alisema. "Mpelekee rejareja, ajue ulifungua macho."

Sisi wawili tulizungumza Kikisii, kama watu wa huku wanavyozungumza wakiwa wenyewe. Kiswahili kilikuwa cha maikrofoni, kwa ajili ya wageni waliotoka mbali. Nilimwita tata, yaani baba. Yeye aliniita baba, na asishangae msomaji, kwa kuwa katika lugha yetu baba ni mama, na mzee anaweza kumwita hivyo mwanamke mdogo kwake kwa heshima na mapenzi. Wageni waliotusikia walidhani tunataniana.

Alinikuta jikoni. Yalikuwa mazishi ya jirani yangu, nami nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu tukimenya ndizi, nikiimba chini chini kufuata kinanda kilichokuwa mbele huko. Mwimbaji wake alikuwa amemwacha asubuhi hiyo bila taarifa. Alikuja mwenyewe, nyaya zikining'inia begani, akauliza ni nani anayeimba. Wenzangu wakanielekezea visu. Alinitazama kwa muda, halafu akasema, "Unaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Jumapili njoo Nyamarambe, uimbe kama mtoto ameshaamka."

Wakati huo mume wangu alikuwa ameondoka, anaishi Nakuru na mwanamke mwingine. Nilikuwa nimebaki na cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka pale Ogembo, nikishona sare za shule na kusema na watu maneno ya lazima tu: kiuno, urefu, njoo Ijumaa. Kuna siku nilifunga kazi jioni nikagundua kwamba sikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe tangu asubuhi. Kwa hiyo nilikwenda Nyamarambe. Niliimba kwa woga, lakini niliimba, na Jumapili iliyofuata nikaenda tena mahali pengine, na ikawa ndiyo maisha.

Yeye aliishi Manga, juu kabisa kwenye ukingo wa mlima, katika nyumba ya vyumba vinne iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi. Mkewe alikuwa amekwenda Marekani kumsaidia binti yao aliyejifungua. Aliaga kwamba ni miezi sita. Mtoto akatembea, akapatikana wa pili, mkewe akapata kazi ya kutunza wazee, na miezi sita ikawa inaongezwa kama pindo la gauni la msichana anayekua. Nilipomjua mzee, ulikuwa mwaka wa pili. Tulipoacha kufanya kazi pamoja, ulikuwa wa kumi na tatu. Hakumlaumu mkewe mbele yangu hata siku moja. Alisema tu kwamba huko wazee wa watu wengine wanaoshwa vizuri.

Mara moja nilimuuliza kwa nini shukrani zake lazima zipite kwenye maikrofoni, wakati Mungu husikia hata mtu akinong'ona. Alikuwa anaviringisha waya kuzunguka kiwiko, na hakuacha. Alisema nyumbani amezisema tangu alfajiri, moja baada ya nyingine, akiwasha moto, akikamua ng'ombe, akinywa chai. "Lakini huko nasema peke yangu," alisema. "Hapa angalau kuna watu."

Tangu siku hiyo sikucheka tena na wenzangu alipokuwa akishukuru. Watu hudhani anayeshukuru sana hana upweke, kwamba kimoja humfukuza mwenzake. Mimi niliviona vyote viwili vikikaa ndani ya mtu mmoja kwa amani, kila kimoja na kiti chake.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Aligombana na wenye jenereta, aligombana na maemsii, wale waendesha sherehe wanaorefusha maneno, na wale vijana wanaokuja arusini na muziki wote ndani ya flashi aliwaita wachukuzi. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa nyaya zake. Kinanda alikifunga ndani ya blanketi mbili, na juu yake nailoni, akakipakia kwenye boda boda kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Mwendeshaji akipita shimo kwa kasi, mzee alishuka na kumkaripia hapo hapo barabarani. Alikuwa Msabato, na Jumamosi, siku ambayo Wakatoliki wengi hufunga ndoa, hakukigusa hata kukipangusa vumbi. Mimi ni Mkatoliki, na kazi nyingi nzuri zilitupita kwa sababu hiyo. Nikinung'unika, aliniambia niitumie siku hiyo kupumzisha koo.

Na kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Mtu huyu aliyemshukuru Mungu kwa mbwa hakujua kumshukuru binadamu. Mwaka mmoja, kabla ya msimu wa baridi, nilimshonea koti jeusi la kazi, lenye bitana, nikalitafutia vifungo vizuri kutoka Kisii mjini. Alilivaa, akanyoosha mikono, akasema mkono wa kushoto umezidi kidogo. Basi. Jumapili iliyofuata, mbele ya maharusi na mahema, alivuta maikrofoni akamshukuru Mungu kwa koti lisilopitisha upepo wa Manga. Hakunitazama hata kidogo. Nilikaa wiki mbili nikimjibu kwa neno moja moja. Mwishowe nilimwambia kwamba koti lile lilishonwa na mimi, si na Mungu, na kwamba vidole vilivyochomwa na sindano ni hivi hapa. Alishangaa kweli kweli. Alisema, "Lakini si ulikuwepo? Si ulisikia?" Nikatambua kwamba kwake alikuwa ameninong'oneza kupitia kwa Mungu, kwa sababu njia ya moja kwa moja ilikuwa imeota majani.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Nyamarambe, mazishi ya msichana mdogo aliyekuwa darasa la tatu. Jeneza lilikuwa fupi mno. Nilimwomba mzee kwa macho aiache desturi yake siku hiyo, lakini alikuwa ameinamia vibonye. Akavuta maikrofoni. Alishukuru kwa kivuli cha hema. Kabla hajaendelea, baba wa mtoto alisimama. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti la kuazima, na tangu tufike hakuwa ametamka neno.

"Unashukuru nini hapa?" alimuuliza. "Hebu niambie. Unashukuru nini?"

Mpiga kinanda aliiweka maikrofoni chini, akasimama, akavua kofia. Walitazamana wanaume hao wawili mpaka yule baba akakaa, uso mikononi. Ndipo mzee akapiga, na alipiga taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia, akiniacha niende mbele naye akifuata nyuma kwa unyenyekevu, kama mtu anayebeba kitu kisicho chake.

Tuliporudi tulitembea kwa mguu sehemu ya njia kwa sababu ya matope. Nilimuuliza kama leo, kwa mara ya kwanza, siku imepita bila shukrani. Alisema ameshukuru kwamba yule baba alikuwa bado na nguvu za kukasirika, kwa maana amewahi kuona waliokosa hata hizo. Kisha akasema amekosea, na kwamba mtu anaweza kuwa na neno zuri akalipeleka katika nyumba isiyo yake. Baada ya siku hiyo hakushukuru tena kwenye maikrofoni mazishini. Alizima sauti ya kinanda, akaweka vidole juu ya vibonye, midomo ikicheza kidogo, na mimi peke yangu nilijua anachofanya.

Mimi pia nilijaribu desturi hiyo. Nilianza nikiwa kwenye cherehani, kimya kimya: uzi usiokatika, mteja aliyenisalimu kwa jina. Siku nyingine ilinisaidia, siku nyingine ilikuwa kama kuhesabu mbegu kwenye kiganja bila shamba. Yeye aliniambia hilo ni la kawaida. Alisema shukrani si dawa ya maumivu. Ni kama kufagia; unafagia leo, na kesho majani yameanguka tena, lakini mtu aliyefagia anajua uwanja wake ulipo.

Masikio yake yalianza kuondoka polepole. Kwanza aligeuza upande wa kulia kila nilipomsemesha. Halafu akaanza kuongeza sauti ya spika mpaka wazee wa mbele wakahama viti. Alisema spika zimezeeka. Nilikubali kwamba zimezeeka. Mwaka mzima tulikubaliana kuhusu spika.

Hapo kuna jambo ambalo lazima niliseme. Kundi moja la Kisii mjini lilikuwa linatafuta mwimbaji wa kike kwa ajili ya kupiga muziki hotelini Jumapili mchana. Walinijia kibarazani, nikawaambia nitakwenda. Nilikubali wiki mbili kabla ya arusi ya mwisho niliyoimba na mpiga kinanda, na sikumwambia.

Arusi hiyo ilikuwa hapa hapa Ogembo. Bibi arusi alikuwa anaingia, na wimbo ulikuwa mmoja tuliouimba mara nyingi mno. Alianza juu sana, mahali ambapo sauti yangu haifiki. Nilimwashiria kwa mkono ashuke. Alibonyeza kitu, ikawa mbaya zaidi. Sasa yeye alikuwa katika wimbo wake na mimi katika wangu, na hakusikia tofauti. Aliendelea kutabasamu. Watu wa nyuma walianza kucheka, wasimamizi wakasimama wasijue wakanyage vipi, na bibi arusi akainamisha uso, nikaona mabega yake yanatetemeka. Emsii akaja akakata umeme. Mpiga kinanda alibonyeza mara tatu nne kabla ya kuinua kichwa na kuziona nyuso zetu.

Tulikaa kwenye kibaraza cha duka ninaposhonea tukingoja mvua ya alasiri ipite ili boda boda wapatikane. Kinanda kilikuwa katikati yetu ndani ya blanketi zake. Nilimwambia, "Tata, husikii tena."

"Umesema nini?" aliuliza.

Nikarudia kwa sauti, nikiwa na aibu kwa ajili ya wapita njia. Akaniambia alisikia mara ya kwanza. Alitaka niseme tena aone kama nina hakika. Alisema amekuwa akingoja mtu wa kumwambia kwa zaidi ya mwaka, na kwamba wengine wote walichagua kumcheka kwa sababu ni rahisi. Alisema ni vizuri limetoka kwa mtu asiye na faida yoyote katika jambo hilo. Niliitazama mvua. Hapo ndipo nilipaswa kumwambia kuhusu watu wa Kisii mjini, na sikumwambia.

Boda boda ilipokuja alipakia kinanda mwenyewe. Hakushukuru kwa chochote jioni hiyo, au kama alishukuru, hakunisikizisha.

Nilianza kuimba hotelini, kwa watu waliokuwa wakila. Simu za kupiga hazikumfaa tena, kwa hiyo alianza kuniandikia ujumbe, mmoja kila asubuhi, maneno machache tu. Leo chumvi haijaganda. Ukungu umeondoka mapema. Jirani amerudisha jembe, na mpini wake ni mzima. Mwanzoni nilimjibu kila siku, kisha mara moja kwa wiki, kisha nikawa nasoma tu na kuweka simu chini. Ujumbe uliendelea kuja kama kawaida, bila lawama. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini sijibu. Nafikiri lau angeuliza, ningepanda Manga siku hiyo hiyo.

Halafu ukaacha kuja. Siku ya kwanza sikuangalia sana. Siku ya nne nilikata kitambaa vibaya. Siku ya saba nilifunika cherehani, nikapanda gari mpaka Kisii, nikabadilisha, na kutoka barabarani nikachukua boda boda mpaka pale njia inapokuwa ya miguu tu. Nilipanda nikijiandaa kuona watu wengi uani.

Uani hakukuwa na mtu. Nilimkuta katika shamba lake la chai, nyuma ya nyumba, kikapu mgongoni, akichuma. Simu ilikuwa imeanguka ndani ya ndoo ya maji. Hilo ndilo lililokuwa limetokea, hilo tu. Aliponiona hakushangaa, au aliuficha mshangao. Alinipa mkono, akaushikilia wangu, akaniuliza habari za cherehani, kisha akanielekeza kwenye kikapu cha pili kilichokuwa kimefunikwa chini ya ukingo wa paa. Kwetu mgeni akikukuta kazini humwachi amesimama.

Tulichuma mpaka jua likaegemea. Yeye alikuwa mstari wa mbele, mimi nyuma yake, na kwa kuwa alinipa mgongo, nilijua hasikii. Nilisema yote. Nilimwambia kuhusu watu wa hotelini, kuhusu zile wiki mbili, kuhusu ujumbe niliousoma na kuuacha. Nilimwambia kwamba siku ile kibarazani faida ilikuwepo na ilikuwa yangu. Mikono yake iliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Nilipomaliza nilijua kwamba nimeungama kwa mgongo wa koti lake tu, na kwamba ili iwe kweli ni lazima nizunguke nisimame mbele yake. Sikuzunguka. Mpaka leo sijamwambia.

Tulipokaa uani kunywa chai aliniambia habari yake. Binti yao alikuwa amemkamilishia karatasi za safari. Mzee angeondoka kwenda Marekani kabla ya mwezi kwisha. Ng'ombe ameshamkabidhi jirani, na chai itachumwa na mtoto wa nduguye. Alizungumza kwa sauti kubwa kama wasiosikia wanavyofanya, na habari hiyo ilisikika mpaka bondeni. Nilimwambia nikitamka polepole kwamba sasa atakuwa na mkewe. Alisoma mdomo wangu mara mbili.

"Nimelala macho wiki nzima nikitafuta la kushukuru katika safari hii," alisema. "Sijalipata. Atanisemesha na sitamsikia. Nitamsemesha, na sijui nianze wapi."

Sikuwahi kumsikia akikosa. Nilitaka kumtafutia moja, hata la uongo, lakini nilijua angelitambua. Nikamshika mkono tukakaa hivyo, na chai ikapoa.

Kabla sijaondoka aliniomba niimbe. Nilimwashiria masikio. Alisema anajua, lakini macho bado anayo. Basi nikasimama uani mbele yake, nikaanza wimbo niliodhani anaupenda. Aliutazama mdomo wangu, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya goti, vidole vikibonyeza. Baada ya mistari miwili niliona kwamba vidole haviendi na mimi. Nilikuwa nimevitazama vidole hivyo miaka kumi na mmoja. Navijua kama ninavyoijua mishono yangu. Alikuwa anapiga wimbo mwingine, ule wa taratibu wa kumwingiza bibi arusi. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Nikauacha wimbo wangu katikati ya neno. Nikangoja vidole vifike mwanzo wa mstari, nikaingia katika wake. Nilimfuata mwendo, nikapumua alipopumzisha kidole gumba, nikarudia kiitikio kwa sababu yeye alikirudia. Mbwa alinyanyuka akaja akalala karibu na miguu yetu. Mzee hakujua kwamba nilibadilisha. Vidole viliposimama, nikafunga mdomo.

"Tumemaliza pamoja," alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali. Alinisindikiza mpaka mwanzo wa njia ya miguu, akasimama pale, na mimi nikaanza kushuka.